Barua Isiyotisha

Gahanga, Kigali
11 Mei 2025

Kaka Ngabo,

Hadithi yako ya mlinzi wa mochwari imefika. Mukabalisa kaniletea ndani ya mfuko wa dagaa na bado inanuka. Nimeisoma mchana, mgongo ukutani, ili pasiwe na nafasi ya mtu kunitokea nyuma. Pale unapoandika kwamba umeacha ualimu ukaenda kulinda maiti, niliamini kurasa mbili nzima. Pale mteja anayekuomba kiberiti anapogeuka kuwa yule uliyempokea asubuhi akiwa amefunikwa shuka, niliondoka chumbani nikaenda kukaa jikoni. Mshenzi wewe. Umeshinda.

Watu wengine na ndugu zao wanatumiana picha za watoto. Sisi tunatumiana vitisho kwa karatasi, kila kimoja kimeandikwa kana kwamba kimetokea jana, na atakayeamini ndiye mjinga. Laumu duka la Mzee Rugamba kule Kayanga, alivyokuwa akitufungia sukari kwenye magazeti yenye hadithi za kutisha, tukapata sehemu ya nne na ya tano ikaenda kwa jirani. Wewe ndiye uliyesema tusihangaike kuitafuta, tuiandike wenyewe. Leo vitabu vyangu vinasomwa kuanzia Nyamirambo mpaka Goma, na ukiniuliza nilisomea wapi, nilisomea kwenye karatasi za sukari.

Sasa nikupe ya nyumbani. Hii si hadithi.

Unajua tulihama Kicukiro. Silvère amemaliza kujenga huku Gahanga, nyumba ya mwisho kabla ya mashamba ya mtama. Nyumba nzuri, ukuta mrefu, na geti linafungwa kwa nje. Nilidhani fundi amekosea. Silvère akasema hapana, ndivyo alivyoagiza. Simu yangu aliipeleka kutengenezwa, haijarudi, na nikiuliza ananibusu kwenye paji la uso. Kila jioni ananiletea chai ya maziwa mwenyewe, anakaa ukingoni mwa kitanda mpaka niimalize, kisha nalala mpaka jua liko juu kabisa. Juzi niligoma kuinywa. Hakukasirika. Alikichukua kikombe changu akaonja kwanza, kama mwenyeji anavyomwonjea mgeni pombe kwetu huku, akanirudishia akitabasamu. Nikanywa. Nikalala vilevile.

Kwa hiyo haimo kwenye chai. Sijui imo wapi.

Maisha yangu yote nimeogopa kwa kupenda, kaka. Hii siipendi. Nijibu upesi, umpe Mukabalisa. Nyumba yake imepakana na yetu kwa nyuma, na kila akirudi na dagaa kutoka huko tunapeana vitu kwenye tundu la ukuta.

Mdogo wako,
Kaze

*

Bukoba
25 Mei 2025

Kaze mdogo wangu,

Nimeisoma darasani wanafunzi wakifanya mtihani, na kijana mmoja wa mbele akaniuliza, “Mwalimu, umefiwa?” Hongera. Tangu ile hadithi yako ya kisima hujaandika kitu kama hiki.

“Hii si hadithi.” Bado unafungua kwa maneno tuliyoyaiba magazetini, na bado yananipata shingoni. Kuonja chai ndiyo sehemu bora kuliko zote. Mtu wa Kigali akiisoma hiyo hatapokea kinywaji popote mwezi mzima, maana umechukua kitu kinachotuliza watu ukakifanya kiwe cha kuogopwa. Geti ni zuri, usiliguse. Busu la paji la uso ni zuri.

Ila kumtumia shemeji kwa jina lake kamili ni uchokozi. Nilimpigia, nikijifanya nina wasiwasi. Akaniambia umelala. Saa tano asubuhi, Kaze, kwa ile sauti yake ya upole. Nikacheka mpaka machozi. Kumbe umemwingiza mchezoni. Mwambie ana kipaji. Hata Mukabalisa umemfundisha, amenikabidhi barua huku akisikitika, “Mutoto wenu iko anagonjwa sana, mwalimu.” Nikampa soda.

Swali langu ni lilelile la siku zote kuhusu waovu wako: anataka nini? Mfungaji geti lazima atake kitu. Mpe sababu, halafu endelea. Nasubiri sehemu ya pili.

Kaka yako,
Ngabo

*

Gahanga
8 Juni 2025

Kaka Ngabo,

Nimesoma barua yako nimekaa sakafuni nyuma ya mlango wa bafu. Nilicheka.

Nikuapie kwa nini? Kwa kaburi la mama niliapa kwenye ile ya kisima, na udongo wake ulikuwa haujakauka. Nikutumie damu? Wewe ulinitumia ya kuku ukiwa kidato cha tatu. Niseme sitanii? Ndivyo tunavyosema tukitania. Kila neno ambalo mtu mwingine angelitumia kuomba msaada, sisi tumeshalichezea likaisha nguvu. Nimelala hapa nikitafuta moja lililobaki na silioni.

Silvère amemwambia kila mtu kwamba hadithi zangu zimenipanda kichwani. Alimleta mchungaji Eustache na watu wa maombi. Mbele yao nikasema wazi: ananifungia, ananilevya. Silvère hakubisha. Alikwenda rafuni akaleta kitabu changu cha pili, akawasomea ukurasa ambao mume anamfungia mke na kumlevya. “Aliandika hii kabla hajanijua,” akasema, na macho yake yalikuwa na machozi. Mchungaji akanishika mkono, “Pole mama, Yesu atatoa ivyo vitabu mu kichwa yako.” Kesho yake wakavichoma uani, vyangu na vya kusoma, pamoja na yale magazeti ya Kayanga niliyoyatunza. Nilivitazama vikiungua na wao wakiimba.

Dada yake Silvère, Nyirahabimana, ndiye anayeniangalia, kaka yake akiwa kazini. Si mtu mbaya. Jana nilimsikia akiongea na mtu kwenye simu, akidhani nimesinzia: “Ee, ni kulala tu. Ata Mutesi alikuwa analalaka hivi, kwa mwisho.”

Mutesi ni mke wa kwanza wa Silvère. Mimi aliniambia walishindwana, akarudi kwao Kampala. Kwa mwisho wa nini, Ngabo?

Unauliza anataka nini. Sijui. Nimemchunguza kama ninavyowachunguza watu wangu wa vitabuni. Hanitukani, hanipigi, hana mwanamke mwingine. Anapenda kukaa kitini akinitazama nikisinzia. Nadhani hicho ndicho anachotaka, na hicho ndicho kinachonitisha kuliko kingine chochote.

Tafadhali. Kwa mara moja katika maisha yetu uwe mjinga, uniamini.

Kaze

*

Bukoba
19 Juni 2025

Kaze,

Nakiri uliponiomba niwe mjinga, nilisimama. Nilivaa viatu. Nilifika mpaka kwa mkuu wa shule kuomba ruhusa, na pale mlangoni nikakumbuka 2019. Unaikumbuka vizuri: umepooza miguu, huwezi hata kushika glasi, umeniandikia kwa mkono wa kushoto. Nikasafiri usiku na mchana nikilia, abiria wakinipa leso, nikashuka stendi ya Nyabugogo nikakukuta umesimama na mshikaki mkononi, unacheka. Na yule uliyekuwa unaishi naye alikuwa ameniapia kwenye simu kwamba ni kweli. Safari hii sipandi basi, dada. Nimezeeka.

Basi acha nifanye kazi yangu. Kuchoma vitabu na kuimba, sawa, inauma. Mwovu anayetumia vitabu vya mwandishi kama ushahidi dhidi yake, hilo sijawahi kuliona popote na nakuonea wivu. Lakini mke wa kwanza, Kaze? Kila nyumba ya kutisha ina mke wa kwanza. Mtoe.

Pili, una tundu kubwa kwenye kisa. Mbona mhusika wako hatumii siku ya umuganda, ya kazi ya mtaa? Jumamosi ya mwisho wa mwezi mtaa mzima uko barabarani na majembe, majirani wote, hata mwenyekiti wa mtaa, mkuu wa mudugudu mwenyewe. Kelele moja tu na kisa kimeisha. Msomaji wa Kigali ataliona hilo kabla ya wewe kugeuza ukurasa.

Na la mwisho, usinune. Barua imeandikwa vizuri mno. “Tumeshalichezea likaisha nguvu.” Mtu anayeogopa kweli hana muda wa kutafuta sentensi kama hiyo. Hofu ya kweli, nadhani, haina mapambo.

Nakupenda. Msalimie shemeji mwigizaji.

Ngabo

*

Gahanga
30 Juni 2025

Ngabo,

Nilipiga kelele siku ya umuganda. Walikuja. Silvère alikuwa nao na jembe. Aliwaomba radhi. Mkuu wa mudugudu aliingia akaniuliza naumwa nini. Nilimwambia yote. Alitoka akampa Silvère pole.

Jumamosi tarehe 12 Julai ananipeleka shambani kwake Bugesera nikapumzike. Nilimsikia Nyirahabimana akisema Mutesi alipelekwa huko.

Nimekonda. Siwezi kuruka ukuta.

Njoo kabla ya tarehe 12.

Kaze

*

Bukoba
8 Julai 2025

Kaze,

Mukabalisa amenipa barua yako asubuhi hii sokoni. Nimeisoma nimesimama. Nikaisoma tena nikitafuta mahali ulipojaribu kunitisha, sikupata. Hakuna hata neno moja. Tangu ujue kushika kalamu hujawahi kuniandikia hivyo.

Nakuja. Nimeshampigia Silvère kumwambia nakuja na kwamba asithubutu. Nilikuwa napiga kelele, sikumbuki nilisema nini.

Mukabalisa anatangulia na gari la leo, mimi nafuata kesho baada ya kupata hati ya kusafiria. Akikupa hii tunduni, jua niko njiani. Usilale. Kunywa maji, jibane, jikune, fanya lolote, ila usilale.

Nisamehe. Nitakuomba vizuri nikikuona.

Ngabo

*

Gahanga
10 Julai 2025

Mpendwa kaka Ngabo,

Pole kwa safari. Natumaini umecheka pale getini, maana umeshindwa tena. Yote niliyokuandikia yalikuwa hadithi. Nilitaka kuona kama baada ya ile ya 2019 ninaweza kukutoa Bukoba mara ya pili, na nimekutoa.

Nimekuwa na uchovu kidogo na Silvère amenitangulizia mapumziko shambani. Ananitunza vizuri sana. Usihangaike kunifuata huko, njia ni mbaya na mimi nataka utulivu. Rudi kwa wanafunzi wako. Nitakuandikia nikirudi.

Hii ni hadithi tu, kaka.

Dada yako akupendaye,
Kaze

*

Kicukiro
11 Julai 2025

Bwana Silvère,

Askari aliyekukabidhi karatasi hii ameshaisoma, kwa hiyo huna haja ya kuikunja haraka.

Jana ulinipokea vizuri. Ulinitolea kiti kivulini, ukaniletea Fanta, ukaionja kwanza, ukanipa barua ya dada yangu na kunitazama nikiisoma. Nikakushukuru, nikaondoka. Mimi si hodari wa kusema. Ndiyo maana nakuandikia.

Niligombana nawe kwenye simu kabla ya kuja, nikakupa muda wa kumhamisha. Hilo ni langu na nitakufa nalo. Lakini na wewe umekosea.

Mwandiko ni wake. Najua pia nani alikuwa amesimama nyuma ya kiti akimwambia cha kuandika. Ulizisikia habari za mchezo wetu ukaona umepata dawa: mwambie kaka ni hadithi, atacheka, atarudi. Mtu mwingine angerudi. Ila sisi tuna sheria moja, na haijavunjwa tangu tukiwa watoto. Husemi. Hata ukishinda, hata mwenzako akilia, husemi kwamba ni hadithi. Pale Nyabugogo hakusema. Alicheka tu mpaka mimi mwenyewe nikaelewa. Wewe hukuijua sheria hiyo, na yeye aliyejua alikaa mbele yako akaandika maneno hayo mara mbili, ukamwacha.

Polisi sikuwaeleza ya Kaze. Wangesema, yule mwandishi? Niliwauliza swali jepesi zaidi: Mutesi yuko wapi? Nimempata kwa simu kaka yake aliyeko Kampala, anaitwa Keith. Ulimwambia dada yake amehamia Tanzania. Kaze ulimwambia Kampala. Nyirahabimana jana jioni alimwambia askari kwamba hajui, kisha akaanza kulia, na hajanyamaza mpaka sasa.

Hao walioko getini wanataka uwapeleke Bugesera. Nenda nao. Zamani nilimkosoa dada yangu kwamba mwovu asiyetaka kitu ni uvivu wa mwandishi. Sikuulizi tena unataka nini.

Niambie tu kama leo ameamka.

Ngabo

*

Batsinda
21 Septemba 2025

Kaka Ngabo,

Umeniuliza kama niko salama. Uliniuliza kwa simu Jumanne, ukarudia Alhamisi, na leo Mukabalisa ameniletea karatasi yako yenye swali hilo na jina lako, basi. Sikasiriki. Wewe ndiye uliyenibeba kutoka kwenye kile chumba cha Bugesera, na ulinibeba ukidhani umebeba maiti. Mtu wa namna hiyo ana haki ya kuuliza kila siku.

Nipo bado kwa binti yake Mukabalisa. Nyumba zimebanana, jirani akipiga chafya unamwitikia. Nimeomba nilale karibu na mlango na wamenikubalia. Hospitalini waliniambia dawa ilikuwa kwenye maji ya kunywa ya chumbani, yale niliyokuwa nikinywa baada ya chai. Chai haikuwa na kitu. Chai ilikuwa ya kunifanya niitazame chai.

Silvère yuko mahabusu na hajasema neno. Wiki iliyopita walichimba nyuma ya ghala la shambani kwake. Keith alikuja kumtambua dada yake, na kwa kuwa mimi ndiye niliyewahi kuishi kama Mutesi, nikaenda kusimama naye. Sitakuandikia nilichokiona. Nilijaribu. Sentensi ya kwanza ilikuja nzuri, Ngabo, nzuri kabisa, na mdundo wake, na nikajikuta napima maneno mawili lipi linatisha zaidi. Nikaichana. Mwanamke wa watu yuko kwenye turubai na mimi nachagua maneno. Naona aibu, na mkono wangu mwenyewe naanza kuuogopa.

Sasa swali lako. Nikiandika ndiyo, niko salama, hata tarehe kumi Julai niliandika hivyo, kiganja cha Silvère kikiwa begani kwangu. Nikiandika hapana, utawaacha wanafunzi upande basi. Nikiandika kwa kifupi bila mapambo, hiyo nayo ilikuwa njia ya mwisho tuliyobaki nayo, na imeshatumika. Tumecheza mpaka hatuna tena barua ambayo mmoja wetu anaweza kumwamini mwenzake.

Kwa hiyo sitakujibu hapa. Njoo. Usipige simu kwanza, safari hii usimwambie mtu yeyote. Gonga, ingia mpaka ndani, nitazame usoni, angalia na nyuma ya mlango, kisha uamue mwenyewe.

Kaze